Helikopta za Uokoaji na Wajibu Uzidio Sheria



Majuma mawili yaliyopita nilipokea barua kutoka Same. Aliyeiandika ni mama mjane mwenye watoto wanne, muuza tangawizi na vitunguu sokoni. Kwa ridhaa yake nitaieleza kwa ufupi, jina lake nikilihifadhi. Mwanawe wa pili ni mwongoza watalii katika Mlima Kilimanjaro. Alianza upagazi akiwa kijana mdogo, akasoma akiwa kazini, na leo kipato chake ndicho kinachowalipia wadogo zake ada. Tangu ajali ya helikopta iliyotokea mlimani humo tarehe 24 Desemba 2025, mama huyu hapati usingizi kila mwanawe anapokuwa safarini. Amemtaka aape kwamba hatapanda helikopta kamwe, hata mgeni wake akizidiwa na maradhi. Kijana amekataa kuapa. Amemjibu kwa adabu: "Mama, mtu aliyeniamini nikamfikisha kule juu, nitamwachaje aondoke peke yake akiwa hajiwezi?"

Mama anauliza mambo mawili. La kwanza, ni nani kati yao aliye sahihi? La pili, je, kuna lolote linaloweza kufanywa kupunguza hatari hizi, au ni jambo la kumwachia Mwenyezi Mungu tu?

Swali la pili ndilo kubwa, nami nitalitanguliza, kwa kuwa jibu lake ndilo litakalotusaidia kuamua la kwanza.

Wengi wetu tunaikumbuka habari ile. Helikopta iliyokwenda kuwaokoa wagonjwa ilianguka karibu na kambi ya Barafu, mahali palipo juu ya mita 4,000 kutoka usawa wa bahari. Watu watano walifariki: rubani, daktari, mwongoza watalii mmoja, na wageni wawili waliokuwa wakiokolewa. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Sababu za ajali ile ni kazi ya wachunguzi waliokabidhiwa, na si halali kwa safu hii kumtwika mtu lawama. Ninayoyaeleza hapa yanahusu kazi hii kwa jumla, popote inapofanyika.

Helikopta huinuka kwa sababu mapanga yake ya juu yanasukuma hewa kuelekea chini. Kadiri mlima unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi, na mapanga yanakosa kitu cha kusukuma. Injini nayo, isipokuwa imeundwa kwa ajili ya mwinuko, inapungukiwa nguvu. Chombo kinachobeba watu sita bila taabu kikiwa Moshi, kinaweza kulemewa na watatu kikiwa Barafu. Joto nalo huifanya hewa kuwa nyepesi zaidi. Kwa hiyo rubani wa mlimani hukokotoa uzito kwa kilo: mafuta kiasi gani, watu wangapi, mizigo ipi iachwe. Akiacha akiba ndogo ya nguvu, upepo mmoja unaoshuka ghafla kutoka kwenye mteremko unatosha kuimaliza akiba hiyo.

Kisha lipo wingu. Watu wa Upare hawahitaji kufundishwa habari za wingu. Wanaotoka Chome au Mbaga wanajua jinsi ukungu unavyoshuka kutoka msitu wa Shengena, kilele kinachozidi mita 2,400, na katika muda wa kuchemsha chai mtu haoni tena nyumba ya jirani. Mwenda kwa miguu husimama, akasubiri. Rubani aliyeingia ndani ya wingu bila vyombo na mafunzo stahiki hupoteza hata hisia ya juu na chini. Mwili humwambia amenyooka, na chombo kinazama ubavu.

Hizi ndizo hatari zenyewe. Je, nani anazilinda?

Wa kwanza ni serikali. Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania ndiyo inayotoa cheti kwa kampuni ya ndege au helikopta, leseni kwa rubani na idhini kwa chombo. Nyuma yake kuna mkataba wa kimataifa uliotiwa saini Chicago mwaka 1944, ambao ndio mzizi wa kanuni za anga karibu katika dunia nzima. Bila ya sheria hizi kila mwenye fedha angeruka apendavyo. Lakini yapasa tufahamu sheria ni kitu gani. Sheria hutaja kiwango cha chini ambacho aliye chini yake haruhusiwi kuruka. Haisemi kwamba aliyekifikia amefanya yote yawezekanayo.

Wakazi wa Same wanaweza kulielewa hili kwa kutazama barabara kuu inayopita mjini mwao. Tarehe 28 Juni 2025, katika eneo la Sabasaba, magari mawili ya abiria yaligongana na kuwaka moto, na makumi ya watu wakapoteza maisha. Tangu hapo wengi wamekuwa wakitafakari tofauti iliyopo kati ya gari lililoruhusiwa kuwa barabarani na gari ambalo wewe binafsi ungempandisha mama yako. Mwenye basi mmoja hubadilisha tairi siku sheria inapombana. Mwingine hulibadilisha kabla, kwa kuwa amejiwekea kanuni yake, na humpa dereva ruhusa ya kulaza gari akichoka bila kukatwa mshahara. Wote wawili wana leseni. Abiria, lau angejua, asingesita kuchagua.

Katika helikopta tofauti hiyo ni kubwa zaidi, na upo mfano mchungu wa New York. Tarehe 11 Machi 2018 helikopta ya watalii ilishuka kwa dharura katika mto wa East River ikapinduka. Milango ilikuwa imeachwa wazi ili abiria wapige picha, na abiria walikuwa wamefungwa kwa mikanda ya ziada ili wasianguke. Kamba ya mmoja wao ilinasa kwenye kishikio cha kukata mafuta, injini ikazimika. Rubani alitoka, abiria wote watano walishindwa kujifungua, wakazama. Wachunguzi wa Marekani walieleza kwamba wenye biashara ile walitumia mwanya wa kisheria uliowekwa kwa ajili ya kazi za upigaji picha, na kwa mwanya huo wakakwepa masharti makali zaidi ya kubeba watalii. Walikuwa wamesimama ndani ya mlango wa sheria, na watu watano wakafa.

Ndiyo maana, ndugu msomaji, katika miaka ya karibuni wenyewe walio katika kazi hii walianza kujiwekea viwango vinavyozidi sheria. Hakuna polisi aliyewalazimisha. Walisukumwa na mambo mawili: misiba waliyoiona, na wateja waliokataa kupanda.

Mfano ulio wazi ni wa Bahari ya Kaskazini, baina ya Uingereza na Norway, ambako wafanyakazi wa visima vya mafuta husafirishwa kwa helikopta kama wetu wanavyosafirishwa kwa basi. Aprili 2009 helikopta moja ilianguka huko na kuua watu 16. Agosti 2013 nyingine ilianguka karibu na visiwa vya Shetland, watu wanne wakafa. Mwaka 2014 kampuni tano kubwa za helikopta, ambazo katika biashara ni wapinzani wa kunyang'anyana zabuni, ziliunda chombo kimoja kiitwacho HeliOffshore. Zilikubaliana kwamba usalama hautakuwa siri ya kampuni. Aliyegundua hitilafu awaeleze wenzake. Aliyekosea aeleze amekosea wapi. Namna bora ya kuruka iandikwe na kufuatwa na wote. Sheria haikuwataka kufanya hivyo.

Mfano wa pili unatoka kwa wateja. Kampuni za madini hupeleka watu wao katika machimbo yaliyo mbali na barabara, na Afrika ina machimbo mengi ya namna hiyo. Zamani kila kampuni ya madini ilituma mkaguzi wake, kwa vipimo vyake. Mwaka 2010 taasisi isiyo ya faida iitwayo Flight Safety Foundation, ikishirikiana na kampuni hizo, ilitoa kiwango kimoja cha pamoja. Kiwango hicho huorodhesha hatari moja moja, kama vile kuishiwa mafuta, kugonga mlima, kuzidisha uzito na hali mbaya ya hewa, na mbele ya kila hatari kinaeleza kinga inayotakiwa. Mkaguzi asiyetoka katika kampuni ya ndege huja kukagua, na taarifa yake husomwa na wateja wote walio katika mpango. Kampuni ya ndege inaweza kukataa kukaguliwa. Ikikataa, hakuna anayeifunga, ila mteja hapandi. Baadaye kiwango cha namna hiyo kiliandikwa pia kwa ajili ya helikopta za baharini.

Lakini kwa mama wa Same, desturi mbili za helikopta za wagonjwa ndizo zitakazomgusa zaidi. Desturi hizi zimeenea katika huduma nyingi za Marekani na kwingineko.

Ya kwanza: safari haiendi mpaka wote waliomo kazini wakubali. Rubani akikubali, muuguzi akikubali, na daktari akasema moyo wake haujatulia kwa hali ya hewa anayoiona, safari imekwisha. Hatakiwi kutoa hoja ndefu, wala haadhibiwi. Mmoja akisema hapana, ni hapana ya wote.

Ya pili: rubani haambiwi hali ya mgonjwa. Huulizwa swali moja tu: je, kutoka hapa hadi pale, kwa hali ya hewa hii na uzito huu, safari ni salama? Haelezwi kwamba anayesubiri ni mtoto, wala kwamba ni mama mjamzito anayevuja damu. Kwa mara ya kwanza jambo hili linaweza kuonekana kama ukosefu wa huruma. Litafakari tena. Huruma ndiyo inayomfanya mtu mwema aingie katika wingu ambalo siku nyingine angeliepuka. Waliobuni desturi hii waliona marubani wema wakifa pamoja na wagonjwa waliotaka kuwaokoa. Hivyo wakaiweka huruma mikononi mwa daktari, na hesabu mikononi mwa rubani, kila mmoja abebe amana yake.

Hata hivyo sitaki kumwuzia msomaji dawa ya kila ugonjwa. Kiwango kilichoandikwa si hirizi. Miaka miwili tu baada ya makubaliano yale ya Bahari ya Kaskazini, Aprili 2016, helikopta ilivunjika angani karibu na pwani ya Norway na watu 13 wakafa, kwa uchovu wa chuma ndani ya giaboksi yake. Vilevile kiwango chaweza kuwepo katika karatasi na kukosekana katika moyo. Tarehe 26 Januari 2020, huko California, helikopta iligonga kilima katika ukungu na kuua watu tisa, miongoni mwao mcheza mpira wa kikapu Kobe Bryant na bintiye wa miaka 13. Wachunguzi walieleza kuwa rubani aliendelea na safari akaingia ndani ya wingu, kinyume cha kanuni. Kampuni yake ilikuwa imejiwekea kwa hiari utaratibu wa kusimamia usalama, na fomu ya kupima hatari ilijazwa. Lakini ilijazwa mapema, haikujazwa upya hali ya hewa ilipobadilika, na kampuni haikuwa ikifuatilia kama utaratibu wake unafanya kazi. Fomu ilikuwepo, swali halikuulizwa.

Kwa hiyo kiwango cha hiari huwa na maana pale tu yanapokutana mambo matatu: kimeandikwa wazi, mtu wa nje huja kukikagua, na mteja huuliza kabla ya kulipa. Likikosekana la tatu, mawili ya kwanza hunyauka.

Huenda msomaji akasema: hayo ni ya Ulaya na Marekani, sisi wa milima hii tutayafikiaje? Jibu ni kwamba Kilimanjaro yenyewe imekwisha kutoa somo la namna hii, na kijana wa mama huyu analifahamu kuliko mimi. Wapagazi, au wagumu kama wanavyojiita, kwa miaka mingi walibebeshwa mizigo kupita kiasi, wakalala bila mahema ya maana, na wengine wakalipwa kidogo kuliko walivyoahidiwa. Kanuni zilikuwepo, na mzigo wa mpagazi una kikomo cha kilo 20, lakini kanuni pekee haikutosha. Mwaka 2003 ukaanzishwa mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, ujulikanao kwa kifupi KPAP. Kampuni za utalii zilizotaka ziliingia kwa hiari, zikakubali masharti ya ujira, chakula, malazi na uzito, na zikakubali pia kufuatiliwa safarini na wapagazi wenyewe. Watalii huko kwao wakaanza kuuliza: je, kampuni yenu imo katika mpango huo? Swali hilo la mteja limebadilisha maisha ya vijana wengi wa Uchagani na Upare.

Basi ninauliza: ikiwa mtalii amefundishwa kuuliza juu ya mzigo ulio kichwani mwa mpagazi, nani atamfundisha kuuliza juu ya helikopta iliyotajwa katika bima yake? Makampuni ya bima yanayolipia safari hizi za uokoaji, na kampuni za utalii zinazoziita, ndio wateja wenyewe. Nguvu iliyoibadilisha kazi ya upagazi wanayo mikononi.

Wapo watakaosema kwamba ukaguzi wa nje ni gharama, na kampuni ndogo ya wazawa itasukumwa nje na kampuni kubwa za kigeni. Hoja hii ni ya kweli na haifai kudharauliwa. Dawa yake ni wateja kuchangia gharama, kama kampuni za madini zilivyokubali ukaguzi mmoja kwa wote badala ya kumi, na viwango kupangwa kulingana na ukubwa wa kampuni. Wapo pia watakaosema kwamba tahadhari nyingi itachelewesha uokoaji, na mgonjwa afe akisubiri. Nalo hutokea. Lakini helikopta ikianguka, mgonjwa aliyekuwa akisubiriwa hafiki hospitali, na waliomfuata hawarudi nyumbani.

Sasa nirejee kwa mama na mwanawe.

Dada yangu, kumtegemea Mwenyezi Mungu hakutuondolei kazi. Sote tumelelewa na kisa cha yule aliyefundishwa amfunge kwanza ngamia wake. Maswali ninayoyaeleza hapa ndiyo kamba. Mwanao ayaulize kwa mwajiri wake akiwa bado yuko Moshi, kabla ya mgeni kuumwa, kwa maana kule juu usiku, pumzi ikiwa fupi na mtu akikoroma kwa maji ya mapafu, si mahali pa mashauriano.

Aulize: kampuni ya helikopta tunayoiita imekaguliwa lini na mtu asiyekuwa wa serikali wala wa kampuni yenyewe, na kwa kiwango kipi?

Aulize: ni nani wanaoruhusiwa kusema "haturuki", na je, mwongoza watalii ni mmoja wao?

Aulize: hali ipi ya wingu na upepo, na saa ngapi za jioni, ambazo baada yake helikopta haiitwi kabisa?

Aulize: watu hupimwa uzito, au hukadiriwa kwa macho?

Aulize: helikopta isipokuja, mpango wetu ni upi? Je, oksijeni ipo, machela ya gurudumu ipo, watu wa kuibeba hadi kambi ya chini wapo? Hili lina uzito mkubwa. Rubani anayejua kwamba mgonjwa ana njia nyingine ya kuteremka hatalazimika kushindana na wingu. Mgonjwa wa mwinuko hupata nafuu anapoteremshwa, na miguu ya wagumu imeokoa wengi kabla ya helikopta kujulikana mlimani.

Aulize pia kama safari yenyewe ni ya lazima. Mwaka 2018 serikali ya Nepal ilifichua mtandao uliokuwa ukiwapandisha watalii katika helikopta bila haja ili fedha za bima zigawanywe. Kila ruko lisilo la lazima ni kuhatarisha roho bila sababu. Mwongoza watalii mwaminifu hataita helikopta kwa ajili ya kichwa kinachouma kidogo, na hatachelewa kuiita mtu anapozidiwa kweli.

Na sasa lile swali la kwanza: nani aliye sahihi? Naona kila mmoja ameshika nusu ya ukweli. Kijana yu sahihi kukataa kiapo, kwa kuwa hajui siku itakavyokuwa, na aliyepewa amana haitupi. Lakini na aifikirie amana hiyo kwa hesabu ya rubani. Kule juu kila mwili ni uzito, na uzito ndio akiba ya nguvu. Ikiwa ndani yumo daktari au muuguzi, mara nyingi mwongoza watalii hana la kumtibu mgonjwa. Anachoweza kumpa ni zile kilo zake: abaki chini, chombo kiwe chepesi, naye awateremshe salama wageni wengine waliobaki mikononi mwake. Kumsindikiza mgonjwa ni wema. Kumwachia nafasi ya kuinuka kwaweza kuwa wema mkubwa zaidi. Ikiwa anahitajika kweli, kwa mfano kutafsiri lugha, basi apande baada ya mwenye chombo kulikubali hilo kwa hesabu ya uzito, na asipande kwa aibu ya kuonekana mwoga.

Kwa hiyo, mama, usimwapishe asipande kamwe. Mwombe akuahidi kwamba hatapanda bila kuuliza, na kwamba siku moyo wake utakaposita, atasema hapana bila kuona haya. Ahadi ya namna hiyo anaweza kuitimiza.

Kabla sijaweka kalamu chini, nina neno kwa familia zilizo Same na vijijini mlimani. Wengi wetu tutaiona helikopta kwa karibu siku za kampeni za uchaguzi, inapotua uwanja wa mpira na watoto wakaikimbilia. Hapo hakuna kampuni wala mamlaka itakayofika mapema kuliko mzazi. Watoto wakae mbali, pembezoni mwa uwanja, mpaka mapanga yasimame kabisa. Asiwepo mtu wa kupita nyuma, kwa kuwa panga dogo la mkiani huzunguka kwa kasi hata lisionekane, nalo liko katika kimo cha mtu. Akina mama washike khanga na mitandio, wazee washike kofia. Mabati yaliyolegea na maturubai yaondolewe mapema. Na palipo na mteremko, kama ilivyo sehemu nyingi za Upare, mtu asiikaribie helikopta akitokea upande wa juu, kwani upande huo ardhi huinuka na mapanga huwa karibu na kichwa chake. Aje kutoka upande wa chini, mbele ya rubani, akiwa ameitwa kwa ishara.

Wazee wa kijiji au kamati ya shule wanaweza kukaa leo na kuyaandika haya katika ukurasa mmoja, wakachagua watu wanne wa kusimamia uwanja siku helikopta itakapotangazwa kuja. Hakuna sheria inayowalazimisha. Nacho kitakuwa ni kiwango cha hiari, kilichowekwa na watu wa Same kwa ajili ya watoto wa Same.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, awahifadhi walio safarini milimani na barabarani, na amrudishe kijana huyu kwa mama yake kila safari.

Wabillahi tawfiq.